Nasikia Kitunguu Saumu

Siku ya khitma ya Dada Mwanaisha, binti yake Rukia alinivuta kutoka kwa wanawake wenzangu, akaniingiza chumba cha ndani na kunipa mkebe wa biskuti uliofungwa kwa utepe pande zote. "Mama mdogo, huu ni wako. Alisema upewe mkononi, na usiufungue penye moshi." Moshi ulikuwapo kweli. Chetezo kilikuwa katikati ya mkeka, ubani unapanda, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango makusudi, maana pua yangu haijawahi kustaafu hata baada ya mimi mwenyewe kustaafu. Rukia alikuwa amechoka, macho yamemvimba. Aliniambia kwamba mwezi wa mwisho, mama yake akiwa hawezi hata kusimama, aling'ang'ania atolewe uani, apewe beseni la maji na magadi. "Tulidhani akili imeanza kumwacha," akasema. Nikarudi kuketi na mkebe mapajani. Mimi si mtu wa subira, kila anayenijua atakwambia, na kusoma dua nzima huku nimeshikilia kitu nisichoruhusiwa kukifungua kulinipa taabu kuliko msiba wenyewe. Wanawake walinitazama. Mmoja akamnong'oneza mwenziwe, si polepole sana, kwamba huyo ndiye yule Mkikuyu wa Makongeni aliyekuwa hapendi manukato. Alikuwa amekosea, lakini si kwa mbali.

Nilikotoka na wazazi wangu walikuwa nani, hayo tuyaache. Mwaka ninaoukumbuka ulianzia stesheni ya reli ya Nairobi, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipotumwa na maabara kupokea madebe yaliyokuja na gari moshi kutoka Mombasa. Madebe yalikuwa na maji ya bahari, na ndani ya maji mlikuwa na sifongo hai. Watu wengi huijua sifongo ile kavu ya kuogea. Mkubwa wangu, Daktari Oloo, hakutaka kusikia neno hilo la kuogea. Sifongo ni mnyama, alisema, hana meno, hana miguu, hana gamba, amekaa mwambani maisha yake yote na samaki wamemzunguka, na bado wengi wao hawamli. Kwa nini? Yeye alishuku harufu. Kazi yetu ilikuwa kuikamata harufu hiyo na kuichambua kipande kwa kipande. Lakini sifongo akitolewa majini akapigwa na hewa anakufa, na akifa anaoza, na ukishafika uozo huwezi tena kujua lipi ni lake na lipi ni la mauti. Ndiyo maana tulimtaka afike Nairobi akiwa mzima. Gadi aliyekuja na madebe yale kwenye behewa la mwisho, mwanamume mpole aliyeitwa Athmani, alinikabidhi akiwa ameziba pua kwa kofia yake. "Dada, mzigo wako umenitoa machozi tangu Voi," akasema. Tukazoeana hivyo. Aliposikia ninatafuta mahali pa kulala karibu na mji, akanipeleka Makongeni kwa mkewe.

Nyumba za reli zilikuwa za matofali, zimepangwa safu, mabomba na vyoo vya pamoja. Dada Mwanaisha na Athmani walikuwa na vyumba viwili vidogo, wakanipa nusu ya cha mbele nyuma ya pazia. Walikuwa hawajapata mtoto bado. Dada alikuwa mtu wa Mombasa, mnene kidogo, mcheshi, mwenye ulimi, na riziki yake ilikuwa udi wa kupika: anachemsha sukari na maji ya waridi kwenye sufuria, anatia vipande vya udi na mafuta ya manukato, anakoroga hadi vishikane, kisha anauza kwa wanawake wa Pumwani na Eastleigh wenye arusi. Nyumba nzima ilinukia. Pazia langu lilinukia, mto wangu ulinukia, hata chai. Upepo ukitoka Eneo la Viwanda ulileta sabuni, ngozi na mafuta ya mashine, ukafika mlangoni kwa Dada ukashindwa kuingia. Nilipenda kulala pale kuliko popote nilipokuwa nimelala maishani. Aliniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza, akanifundisha kupika wali wa nazi, akanicheka nilipouliza kama ubani na udi ni kitu kimoja. Kila Ijumaa alifukiza nguo zake na za mumewe, anafunika chetezo kwa kapu, anatandika nguo juu, moshi unapenya taratibu. Sikujua kwamba zangu pia zilikuwa zikipitishwa hapo.

Kazini nilikuwa kwenye mwaka wa majaribio. Niliajiriwa kwa sababu moja tu: katika vichupa walivyotunusisha sote tuliotafuta kazi ile, sikukosea hata kimoja. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku mfano wa jiko la mkate, na ndani yake bomba refu jembamba limeviringishwa. Hewa iliyokusanywa juu ya maji ya sifongo inaingizwa kwa sindano, inasukumwa bombani, na humo kila kitu kilichomo katika harufu kinakwenda kwa mwendo wake. Vyepesi hutangulia, vizito huchelewa. Mwisho wa bomba njia inagawanyika. Nusu inakwenda kwenye mwali mdogo wa moto unaoongoza kalamu, na kila kitu kinapopita kalamu inachora mlima kwenye karatasi. Nusu ya pili inakwenda kwenye faneli ya kioo, na kwenye faneli nilikuwapo mimi. Bwana Pinto, fundi mzee Mgoa aliyeshika sindano, alikuwa akiniambia, "Haya, binti, telemka shimoni," nami nainamisha pua. Unakaa hivyo hadi shingo inakufa. Unapita mlima wa kwanza, wenye harufu ya kabichi iliyochemshwa. Unapita mwingine, nyasi mbichi. Halafu kalamu inatulia, inachora mstari ulionyooka kwa muda mrefu, hakuna kitu. Na hapo ndipo siku moja kitunguu saumu kiliponipiga usoni, kikali, na nyuma yake kitu kibaya kisicho na jina, kinachokamata koo na kupindua tumbo. Nikatazama karatasi. Tambarare.

Ripoti tuliandika kwa Kiingereza, na Kiingereza changu cha siku zile kilikuwa kimevaa nguo za Kiswahili. Sisi harufu tunaisikia. Sijawahi kuambiwa vinginevyo tangu nizaliwe. Basi nikaandika kwa Kiingereza kwamba nimesikia kitunguu saumu, na mahali nilipokisikia. Daktari Oloo akachora mstari mwekundu chini ya neno nimesikia. Aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mkavu, mwanamume asiyepaka hata mafuta ya nywele kwa ajili ya kazi. "Bi Wambui, harufu hainuswi kwa masikio," akasema. "Na hapo ulipoandika, mashine haioni kitu. Jana ulikula nini?" Nikasema pilau. "Yenye saumu?" Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini. Nilirudia siku nyingine bila kula saumu, nikaisikia tena, palepale. Akauliza nakaa wapi, na nani, na huyo nani anafanya nini. Nilipotaja udi, alifunga macho kama aliyeumwa na jino. Akaniambia waziwazi: kabla ya mwaka wangu kwisha atanipima kwa siri, nisijue kinachopita bombani. Mpaka hapo nije kazini bila harufu yoyote ya nyumbani. Nikithibitika, kazi ni yangu. Nikishindwa, pua yangu haina faida kwake, na pasipo pua mimi nilikuwa msichana asiye na cheti chochote. "Sikutishi," akasema. "Siwezi kuandika duniani kwamba sifongo anatoa kitu fulani, kumbe ni sufuria ya mwenye nyumba wako."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Jaribu wewe kuishi Makongeni bila harufu. Niliacha saumu, kitunguu maji, bizari, samaki. Nilikula ugali na sukuma iliyochemshwa tupu. Niliacha sabuni ya kunukia, nikaoga kwa magadi hadi ngozi ikapasuka. Viatu vyangu vilinuka rangi, nikaenda Kariokor kununua akala, akala zikanuka tairi, nikaingia maabara peku. Jiko la mafuta ya taa likiwashwa nilitoka nje. Jirani akikaanga kitunguu nilijifunika pua kwa leso na kukimbilia barabarani. Vijana waliokaa kwenye kona waliniona nikipita. "Niaje siste, mbona unaziba mapua? Kwani sisi tunanuka?" Na kwa kuwa ile harufu ya pili, ile isiyo na jina, ilinigeuza tumbo kila siku, nilikuwa nikirudi nyumbani nikitapika karibu na mtaro.

Sasa niambie, msichana asiyeolewa, hataki vitunguu, hataki samaki, anatema mate na kutapika, mtaa utasema nini? Jumamosi moja nilikuwa nyuma ya pazia, dirisha wazi, na wanawake wako bombani wakisubiri maji. Nikasikia sauti ya Mama Otieno, jirani wa ukuta mmoja. "Huyo wa kwa Mwanaisha, si mmeona venye amebadilika?"

"Hata kuku hawezi kula. Nilimpatia Krismasi akakimbia," mwingine akadakia.

"Ni ya nani sasa?"

Debe likawekwa chini. Kisha Mama Otieno akasema kwa upole, kama anayetoa rambirambi, "Nyumba ni ya gadi. Na huyo msichana aliletwa na nani? Mimi sijasema kitu."

Kwa kunyang'anywa kazi ningerudi nyumbani na aibu yangu peke yangu. Hii nyingine ingebomoa nyumba ya mwanamke aliyenipa mto wake, mwanamke ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiomba mtoto asipate.

Nilidhani habari zingechukua muda kumfikia. Hazikuchukua. Siku ya pili yake Dada alinikuta nikila ugali wangu mweupe, akaketi mbele yangu, akavuta kanga mabegani. Hakuwa na mzaha siku hiyo. "Wambui, watu wasema una mimba. Wasema ya Athmani. Mie naja kwako wewe, siendi kwao. Hebu niambie."

Nikacheka, kwa woga, na kucheka kule kukawa kubaya zaidi. Akanikazia macho. Nikamwambia yote, tangu faneli mpaka kitunguu saumu. Nilipofika kwenye sharti la kutonuka harufu za nyumbani nilisita, maana nyumbani ni yeye. Akaelewa kabla sijamaliza.

"Kwa hiyo udi wangu ndio utakufukuzisha kazi."

"Si udi, Dada. Ni harufu yoyote."

"Na wewe miezi yote hino wakaa humu, wala usiniambie? Watoka nje kila nkipika, mie nadhani una joto." Akainusa kanga yake. "Wanukia, watu wakuheshimu. Huko kwenu maabara, wanukia, wakutoe. Hayo ni makubwa. Sifongo yeye anuka vile na hawamfukuzi?"

"Sifongo ndiye anayelipwa kunuka."

Akacheka, mara moja tu, na nikajua ameniamini. Lakini macho yake yalikuwa na maji. "Haya. Nimekuamini. Midomo ya watu siwezi kuiziba." Kuanzia hapo akawa anapikia udi uani, mbali na dirisha, ingawa alikuwa na kazi ya arusi kubwa ya Pumwani na mvua ilikuwa ikimnyeshea sufuria. Athmani aliyapata ya mtaani, akaanza kulala kwenye mabweni ya stesheni hata zamu yake ikiisha, ili watu wasimwone akiingia nyumba niliyomo. Tulikula wawili, mimi na Dada, yeye wali na mchuzi, mimi ugali mtupu, na mazungumzo yalikuwa machache. Nilihesabu kwamba nikishapimwa nitahama, na kila mtu atapumua.

Siku ya kupimwa ilifika. Koti langu jeupe la maabara nilikuwa nimelifua mwenyewe kwa magadi, nikalikunja, nikalitia ndani ya mfuko wa nailoni na kuufunga. Nikatembea hadi kazini kwa mguu, nisije nikachukua harufu za watu garini. Bwana Pinto alikuwa ametayarisha sindano. Daktari amesimama na saa yake. Nikalitoa koti, nikalikunjua, na udi ukajaa chumba chote. Si harufu kidogo ya kubishaniwa. Ulikuwa udi wa arusi, ule mzuri. Bwana Pinto akatazama sakafu. Daktari hakupaza sauti. "Rudi nyumbani, Bi Wambui. Kesho kutwa asubuhi. Hakutakuwa na siku nyingine."

Nilirudi Makongeni huku nimekunja ngumi Barabara nzima ya Jogoo. Nilimkuta Dada uani, amechuchumaa kwenye sufuria yake ya arusi. Nikalitupa koti mbele yake. "Kwa nini, Dada? Nilikukosea nini?"

Akaliokota, akalifuta vumbi. "Siku ya jambo kubwa mtu hatoki na nguo kavu, mdogo wangu. Hata maiti hatumtoi hivyo. Nlikufukizia usiku ulipolala, ili ukubalike. Nliutia udi wa bi arusi, nkakusomea na dua." Akanitazama. "Nlidhani mwalimu wako hataki harufu ya jikoni, ya sufuria yangu. Udi wa chetezoni si harufu ya jikoni. Udi ni heshima."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia, miongoni mwa mengine, kwamba heshima yake imenimaliza. Majirani walitoka milangoni kutazama. Dada aliuweka mwiko chini. Alisimama, akachukua karai la maji aliyotekea vyombo, akayamimina yote ndani ya sufuria, juu ya sukari na waridi na vipande vya udi vya watu. Moto ukalia, ukazima. Mama Otieno aliweka mkono kinywani. Kisha Dada akaingia ndani, akatoka na kanga mpya iliyokuwa bado imeshikana na pea yake, akaikata pindo, akailoweka kwenye magadi ili niende nayo badala ya koti. Aliifua, akaisuuza, akaifua tena, mikono imekuwa myekundu. Iliandikwa *Wema hauozi*. Niliyasoma maneno hayo akiwa anaikamua, na nikaona aibu, lakini ulimi wangu ulikuwa mzito kuomba radhi.

Ikabaki shida ya kuianika. Kwenye kamba za Makongeni nguo hukauka na habari zote za mtaa: makaa, samaki, sabuni ya kiwandani. Dada alikwenda stesheni kwa miguu, yeye mwenyewe, akamtafuta mumewe aliyemkimbia kwa heshima, akampa kanga ikiwa inatiririka. Kesho yake Athmani alikuwa na gari la mizigo la kwenda Konza na kurudi. Akaifunga kanga kwenye chuma cha behewa la mwisho, kule nyuma ambako moshi wa injini haufiki, na kanga ikakaushwa na upepo wa nyika ya Athi, swala na twiga wakitazama. Aliniletea jioni ndani ya mkebe wa biskuti aliouosha kwa maji ya moto. Aliingia kwa mlango wa mbele, majirani wote wakimwona, akaketi, akala wali na mkewe. "Wambui," akasema, "behewa langu lilibeba uvundo wako mwaka mzima. Leo limekulipa."

Niliingia maabara nimejifunga kanga ile kuanzia kwapani, peku, kama mtu anayekwenda kuoga. Daktari aliyasoma maandishi ya kanga, akatoa saa yake. Walining'iniza shuka kati yangu na Bwana Pinto. Wakati mwingine aliingiza hewa ya sifongo, wakati mwingine maji ya bahari matupu, na mimi sikuambiwa. Nilitakiwa kuinua mkono tu. Kabichi. Nyasi. Kisha ule unyoofu wa kalamu, mkwaruzo wake kwenye karatasi, na mimi nimeinama, jasho linanitiririka, naogopa hata jasho langu lisinidanganye. Mkono wangu ukapanda. Duru nyingine, nikangoja na kungoja, sikusikia kitu, nikaukaza mkono gotini usipande wenyewe kwa hofu. Tuliendelea hivyo hadi mchana. Mwishowe Bwana Pinto akavuta shuka, akampa Daktari karatasi zake. Kila palipokuwa na sifongo mkono ulikuwa umepanda palepale, na palipokuwa na maji matupu haukupanda. Daktari alizisoma, akazisoma tena. Kisha akavua miwani. "Ingiza tena," akamwambia Pinto, akaniashiria nipishe, akainamisha pua yake mwenyewe kwenye faneli. Alikaa hapo muda mrefu. Kalamu ilikuwa inachora mstari mnyoofu. Ghafla akageuza uso, akakohoa, macho yakamjaa machozi. Alipopata pumzi, alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kunisemesha ndani ya chumba kile: "Nimesikia."

Harufu ile tuliikamata ndani ya kibomba cha kioo kilichozamishwa kwenye barafu kavu, ikapelekwa ng'ambo kwenye mashine kubwa zaidi, na jibu likaja kwamba ni vitu viwili vinavyotoka karibu pamoja, kimoja chenye salfa, kidogo mno kwa mwali wetu, kingi mno kwa pua. Nikathibitishwa kazini. Muda mfupi baadaye nikapelekwa kituo cha pwani, karibu na miamba wanakokaa sifongo wenyewe, nikaishi huko miaka mingi. Dada aliniaga kwa kunicheka kwamba mimi naenda kwao na yeye anabaki kwetu. Mkebe nikamwachia, pamoja na kanga, nikidhani kazi yake imekwisha. Arusi ya Pumwani alikuwa ameipikia udi mwingine, usiku na mchana, mimi nikimpepelea moto. Mimba ya mtaa haikuzaliwa, na badala yake, mwaka uliofuata, akazaliwa Rukia. Kila Dada alipokuja pwani tuliketi pamoja. Hatukuizungumza siku ile ya sufuria hata mara moja.

Jioni ya khitma nilifika kwangu, nikafungua madirisha, nikanawa mikono kwa maji matupu. Nikaubandua utepe. Ndani mlikuwa na kanga ile ile, imekunjwa vizuri, rangi imefifia, maneno bado yanasomeka. Mwanamke ambaye nyumba yake, nguo zake, hata chai yake ilinukia, alikuwa ameniwekea kitambaa kimoja duniani kisichokuwa na harufu yake, ili nikija siku yoyote nipate cha kujifunga. Nikainamisha pua kama zamani. Nguo ikikaa mkebeni inashika kutu, inashika ukungu. Hilo nalijua kwa kazi. Nilisikiliza kwa muda mrefu. Hapakuwa na kutu wala ukungu, na nikakumbuka beseni la magadi la uani, la mwezi wake wa mwisho. Nikasikiliza tena, nikitamani safari hii awe amekosea, nipate hata chembe ya udi. Sikusikia kitu.